Je, wajua kwa nini mcheza brekidansi hachagui wimbo wake?

Ukipita mahali vijana wa Mbeya wanapofanya mazoezi ya brekidansi, utaona boksi limetandazwa chini, spika ndogo kando, na wimbo uleule unarudiwa mpaka kila mzunguko ukae kwenye mdundo wake. Kwenye mashindano ya dunia, maandalizi hayo hayatoshi. Muziki anachagua DJ, na mchezaji anausikia akiwa tayari mbele ya watu.

Desturi hiyo ilitoka Bronx, New York. Agosti 11, 1973, DJ Kool Herc, kijana mzaliwa wa Jamaika, alipiga muziki kwenye sherehe ya dada yake katika jengo namba 1520, Sedgwick Avenue. Herc aliona kwamba watu hupagawa pale waimbaji wanaponyamaza na ngoma kubaki peke yake. Tatizo, kipande hicho huisha upesi. Akawa anatumia santuri mbili za wimbo mmoja: hii ikikimaliza, ile inakianza upya. Wachezaji walikuwa wakisubiri hapo hapo ndipo wajitupe chini. DJ ndiye aliyeshika usukani tangu mwanzo.

Ngoma ya mganda, kule Ziwa Nyasa, nayo ina ushindani mkali, lakini huko kila kikundi huja na wapiga ngoma wake, hakingoji DJ.

Brekidansi ilipofika Olimpiki ya Paris, Agosti 2024, sheria ya mtaani haikuguswa. Majaji 9 walipima mambo matano kwa uzito sawa: ufundi, wingi wa mitindo, utekelezaji, ubunifu, na jinsi mwili unavyojibu muziki. Hilo la mwisho lingekuwa mzaha kama kila mtu angekuja na wimbo aliokariri. Kwa hiyo anayejiandaa kushindana ampe mwenzake simu, amchagulie nyimbo bila kumwambia.

Dhahabu zilikwenda kwa Ami Yuasa wa Japani na Philip Kim wa Kanada. Mitandaoni lakini gumzo lilikuwa Raygun wa Australia, ambaye hakupata kura hata moja ya majaji katika mapambano yake matatu. Kwa maoni yangu, aliyemtazama yeye akamwacha Ami alipitwa na uhondo.

Los Angeles 2028 haikuuingiza mchezo huu kwenye ratiba. Umo, hata hivyo, katika Olimpiki ya Vijana ya Dakar, Senegal, 2026.