Moyo unakwenda mbio na unameza dawa ya thairoidi: usiguse dozi kwanza

Mwalimu mmoja mstaafu aliingia kliniki akiwa ameushika mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia, ili nisione unavyotetemeka. (Nimebadilisha mambo madogo madogo ili asitambulike.) Nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyechoka. Wiki saba alikuwa hapati usingizi. Moyo ulimwenda mbio hata akiwa ametulia mkekani anachambua mchele, usiku akiloa jasho, na kila jioni hofu isiyo na sababu ikimkaba. Ndugu wengine walisema ni presha. Wengine walishaanza kunong'ona kwamba amechezewa. Kituo kimoja kilimpa dawa ya usingizi.

Nilimwomba atoe dawa zake zote aziweke mezani. Miongoni mwake kulikuwa na boksi jipya la levothairoksini, dawa ya kuongeza homoni ya thairoidi, vidonge vya mikrogramu 100.

"Unameza vingapi kwa siku, mama?"

"Viwili, kama siku zote."

Siku zote hizo alikuwa akipewa vidonge vya 50. Safari hii vya 50 viliadimika famasi, akapewa vya 100, na hakuna aliyemwambia sasa ameze kimoja. Kipimo chake cha TSH kilirudi chini ya 0.01.

TSH ni sauti ya ubongo inayoiamrisha tezi ya thairoidi, ile ya mbele ya shingo ambayo ikivimba tunaita rovu. Homoni ikipungua mwilini, sauti hupanda, ikizidi, hunyamaza. Kwa mtu mzima, maabara nyingi huhesabu kati ya 0.4 na 4.0 kuwa sawa. Ya mwalimu ilikuwa imenyamaza kabisa.

Nimeanza na yeye kwa sababu kila wiki naulizwa swali lile lile: "Daktari, tangu nianze hii dawa nina wasiwasi, je, nipunguze?" Wakati mwingine jibu ni ndiyo. Lakini wengi wanaouliza wameshapunguza tayari, au wameacha kabisa, na hapo ndipo ninapopata shida ya kuwasaidia.

Tatizo ni mwendo. Wasiwasi huja ghafla, lakini levothairoksini hutembea kama kobe. Ukiacha kuimeza leo, baada ya siku saba nusu yake bado imo mwilini. Ukibadilisha dozi, damu huchukua wiki tano hadi sita kutulia kwenye kiwango kipya, na ndiyo maana tunapima tena TSH baada ya wiki sita hadi nane. Kwa hiyo anayekata kidonge Jumatatu akaniambia Jumanne ametulia, ninaamini kweli ametulia, ila si kidonge kilichomtuliza. Na anayeacha dawa hujisikia vizuri wiki mbili tatu, akashawishika kwamba alikuwa hana haja nayo. Kisha uchovu, baridi, kufunga choo na uzito vinamrudia taratibu, asijue vimetoka wapi.

Nilijifunza hili kwa kumkosea mgonjwa. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu, binti mmoja alikuja akilalamika moyo kumpiga na kuhema akipanda ngazi. Alikuwa anameza 100. Foleni ilikuwa ndefu, nikaona jibu liko wazi, nikampunguzia hadi 50 bila kumpima chochote. Alirudi baada ya miezi minne, uso umevimba, sauti imekuwa nzito, TSH imepita 40, na moyo bado unampiga vile vile. Safari hiyo ndipo nilipomfunua kope la chini la jicho: jeupe kama karatasi. Alikuwa na upungufu wa damu kutokana na hedhi nyingi. Angehitaji vidonge vya kuongeza damu tangu siku ya kwanza. Mpaka leo sigusi dozi ya mtu kabla ya kutazama kope zake.

Siku hizi, kabla ya karatasi ya maabara, nauliza. Wasiwasi ulianza kabla ya dawa au baada? Dozi iliongezwa lini? Umebadilishiwa kampuni ya dawa? Hili si dogo: mwaka 2017 Ufaransa ilibadilisha mchanganyiko wa viambata vya dawa hii, homoni ikabaki ile ile, na maelfu ya wagonjwa wakaripoti kujisikia vibaya. Umepungua uzito? Dozi kamili hukadiriwa kwa mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili, hivyo aliyeshuka kutoka kilo 90 hadi 70 anaweza kuzidiwa na dozi yake ya zamani. Umejifungua karibuni? Ujauzito hudai dozi kubwa zaidi, na baada ya kuzaa kuna akina mama wanaosahauliwa na dozi ile ile.

Kuna swali moja huwashangaza: umeanza kuimeza vizuri? Dawa hii inataka tumbo tupu, maji matupu, kisha nusu saa hadi saa nzima kabla ya kula. Vidonge vya kuongeza damu na vya kalisi vikae mbali nayo kwa muda wa saa nne. Sasa, mtu ameimeza miaka mitatu pamoja na chai ya maziwa na vitumbua, sehemu yake haiingii, daktari anaona TSH iko juu, anaongeza dozi, anaongeza tena. Siku anayofundishwa kuimeza vizuri, dawa inaingia zaidi. Hakuna aliyeongeza kidonge, lakini mwili umezidiwa. Katika Ramadhani naliona hili kila mwaka: anayemeza kwenye futari katikati ya tende na uji, na anayemeza usiku, muda wa saa tatu baada ya kula, hawapati dozi moja hata kama boksi ni moja.

Nauliza pia kuhusu vidonge vya nywele na kucha. Vingi vina bayotini, aina ya vitamini, na bayotini inaweza kuidanganya mashine ya maabara ikaonyesha homoni zimezidi wakati hazijazidi. Iache siku mbili au zaidi kabla ya kutolewa damu. Siku ya kipimo chenyewe, meza kidonge baada ya kutolewa damu, si kabla.

TSH ikiwa chini kweli, tunapunguza, na tunapunguza kidogo: mikrogramu 12.5 hadi 25 kwa mara moja. Vidonge vya 25 visipopatikana, na mara nyingi havipatikani, ukobe wa dawa unatusaidia. Anayemeza 100 kila siku akiruka siku moja kwa wiki, wastani wake unakuwa karibu 86 kwa siku, na mwili haulioni pengo. Wakati tunasubiri, propranolol hutuliza mapigo na mitetemo, ila si kwa mwenye pumu. Mzee au mwenye ugonjwa wa moyo namfanyia haraka zaidi, kwa sababu homoni ikizidi muda mrefu moyo unaweza kuanza kupiga ovyo bila mpangilio, na mifupa hulika.

Wapo ambao TSH yao imeshushwa makusudi, hasa waliotibiwa saratani ya thairoidi. Hao wasiguse kitu bila daktari wao. Mjamzito vivyo hivyo.

TSH ikiwa juu, wasiwasi huo huo unaweza kuwa unatokana na homoni kupungua. Watu wengi hudhani homoni ikipungua mtu huwa mzito na mwenye usingizi tu, lakini nimeona wengi wenye TSH ya juu wanaoshindwa kutulia kwa hofu. Hao kupunguziwa dozi ni kuwaongezea ugonjwa.

Na TSH ikiwa sawa, nasema wazi: dozi yako iache. Wasiwasi wako ni wa kweli na una tiba yake, iwe maongezi na mshauri, iwe dawa. Naumia sana nikiona mtu anazungushwa na dozi juu, chini, juu, mwaka mzima, kwa sababu hakuna aliyemuuliza kama amefiwa, kama ana deni, kama nyumbani kuna amani.

Maumivu ya kifua, kuzimia, kukosa pumzi au mapigo yanayorukaruka hayasubiri kliniki. Nenda hospitali usiku huo huo.

Mwalimu tulimpima umeme wa moyo. Mapigo 112, ila yamepangika. Nilimrudisha kwenye kidonge kimoja cha 100, na nikaandika kwa kalamu nene juu ya boksi: KIMOJA. Wiki ya tatu alinipigia kusema amelala mpaka adhana ya alfajiri. Wiki ya sita TSH ilikuwa 0.2, akaogopa, akaniomba nimpunguzie zaidi. Nilimweleza kwamba ubongo ulionyamazishwa kwa wiki nyingi huchelewa kurudisha sauti. Akakubali kungoja. Mwezi wa tatu ilisoma 1.8.