Maana ya "kilimo cha nchi kame"

Ukimtajia mtu wa Lubumbashi nchi kame, atawaza jangwa na ngamia. Wataalamu wanamaanisha kitu kingine: nchi ambayo jua na upepo vinaweza kukausha maji mengi kuliko yale yanayoletwa na mvua. Huchukua mvua ya mwaka, wakaigawa kwa maji ambayo yangeweza kukaushwa mwaka huohuo. Jibu likiwa chini ya 0.65, hiyo ni nchi kame. Maeneo ya namna hiyo ni karibu asilimia 40 ya ardhi ya dunia, na watu hulima humo mtama, uwele, kunde na karanga kwa kutegemea mvua tu.

Sisi wa Lubumbashi tunapata mvua ya milimita 1,200 hivi kwa mwaka, kwa hiyo kwa hesabu hiyo hatumo. Lakini mvua ikianza kisha ikakata wiki mbili, mahindi machanga yanaungua, na bukari, yaani ugali, inapanda bei hivyohivyo. Ndiyo maana utafiti wa huko unatuhusu.

Swali lake kubwa ni hili: katika mvua iliyonyesha, ni kiasi gani kinapita ndani ya mmea? Udongo uliofunga ganda juu hutelezesha maji yakaenda zake. Huko Yatenga, Burkina Faso, wakulima wana dawa ya zamani iitwayo zai: wakati wa kiangazi huchimba vishimo, upana sentimita 20 hadi 40, kina 10 hadi 20. Yacouba Sawadogo, mkulima aliyetuzwa kimataifa mwaka 2018, alivipanua na kuweka samadi ndani. Samadi huita mchwa, mchwa hutoboa udongo, na mvua ya kwanza inazama badala ya kukimbia.

Jambo la pili liliwashangaza wengi: sehemu nyingi za Sahel, ukanda ulio kusini mwa jangwa la Sahara, kinachopungua zaidi si maji, ni chakula cha mimea kilichomo udongoni. Mmea wenye njaa hauwezi kutumia hata maji uliyo nayo. Kwa hiyo ICRISAT, taasisi ya utafiti wa mazao ya nchi kame iliyoanzishwa India mwaka 1972, ilifanya kazi na wakulima wa Niger kuhusu dozi ndogo: mbolea ya kujaa kizibo cha chupa, gramu 6 hivi, inawekwa penye shina badala ya kumwagwa shamba zima. Mfuko mmoja unakwenda mbali.

Mchwa tunao hata sisi, tena wa kujivunia. Vichuguu vya Katanga, eneo letu, vinapita urefu wa nyumba, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamechunguza udongo wake: una mfinyanzi mwingi na madini ya kulisha mimea kuliko udongo mwekundu uliochoka unaovizunguka. Wakulima wengine huubomoa na kuutandaza shambani. Tatizo ni kwamba mafundi matofali wanaupenda vilevile, na pembezoni mwa mji wao ndio wanaowahi.