Fundi wa laini za umeme: yanayosemwa na ukweli wake

"Laini ikishazimwa haina hatari."
Hii ndiyo dhana inayoua, na haiui wageni wa kazi peke yao. Chukua laini ya volti 11,000 inayolisha transfoma ya mtaa. Imezimwa, fundi yuko juu ya nguzo. Huko chini mwenye duka anawasha jenereta aliyoichomeka kwenye soketi, bila swichi ya kutenganisha umeme wake na wa gridi. Volti 230 zinatoka dukani zinarudi hadi kwenye transfoma, nayo haichagui upande: inayoshusha umeme ukija huku, huupandisha ukija kinyume. Fundi anaweza kukutana na maelfu ya volti kwenye waya alioambiwa umezimwa.

Kwa hiyo kuzima ni hatua ya kwanza tu. Swichi hufungwa kwa kufuli na kuwekwa kibao cha onyo. Laini hupimwa, na kipimo chenyewe huhakikiwa kwanza kama kinafanya kazi. Kisha huwekwa ethi, yaani waya unaounganisha laini na ardhi, pande zote mbili za mahali pa kazi. Hapo ndipo mkono huruhusiwa kugusa waya. Kiongozi wa timu akikuhimiza uruke hatua kwa sababu wateja wanalalamika, kataa.

"Glavu za mpira zinatosha."
Kila daraja la glavu lina kikomo chake. Daraja 0, kwa mfano, mwisho wake ni volti 1,000. Tena kitundu kidogo kama cha sindano kinaziharibu. Kabla ya kuvaa, kunja mdomo wa glavu ubane hewa ndani, ivimbe, kisha isogeze shavuni usikilize kama inavuja.

"Bila digrii hupati kazi."
Si kweli. Tanzania wengi huanzia fani ya umeme VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi. Kenya kuna mitihani ya ufundi ya NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani. Ila kujua kufunga taa nyumbani hakukufanyi fundi wa laini, utajifunza upya.

"Ni kazi ya wanaume."
Nguzo huinuliwa na winchi na timu nzima. Anayeogopa kimo ndiye haimfai, awe nani.

"Nguzo iliyosimama ni nzima."
Nguzo ya mti huoza zaidi usawa wa ardhi na chini yake kidogo, mahali pasipoonekana. Fukua udongo, gonga kwa nyundo, chomeka bisibisi. Ikiingia kwa urahisi, usipande. Omba gari la kikapu, lile linalomwinua fundi hadi kwenye waya.