Kome wa Maji Baridi Si Konokono wa Kichocho

Malalamiko kutoka mialo ya Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika yameongezeka. Kuna wanaozoa kome kwa magunia wakasage chakula cha kuku, na kuna wanaomwaga kemikali ya mrututu ufukweni wakidai wanaua kichocho.

Hili la mrututu tumelisema mara nyingi. Kome habebi kichocho. Anayebeba ni konokono mdogo mwenye kombe moja lililojisokota. Kome ana makombe mawili, hujifukia mchangani na kuchuja maji ili apate chakula. Mrututu una shaba, na shaba kidogo tu humwua. Mwenye shida na kichocho aende zahanati akapimwe na kupewa dawa. Ziwa halitibiwi kwa ndoo.

Wavuvi wengi hushangaa wakiambiwa kwamba kuna kome wanaohitaji samaki ili wazaliane. Mwaka 1961 Geoffrey Fryer, mtafiti aliyefanya kazi Jinja, Uganda, alieleza jinsi kiluwiluwi cha kome aina ya Mutela bourguignati kinavyonasa kwenye ngozi ya samaki, hasa yule Waganda wanayemwita kisinja, kikamnyonya hadi kome mchanga akamilike na kudondoka. Samaki huyo akiisha, kome wakubwa utaendelea kuwaona kwa muda, lakini watoto hawapo. Kokoro, yaani wavu wa kuburura, huharibu pande zote mbili: hukomba samaki, kisha huburura sakafu na kung'oa kome. Ni zana haramu, na hakuna kokoro "dogo la kitoweo".

Ziwa Tanganyika lina kome wasiopatikana kwingine duniani, wakiwemo Iridina spekii na Grandidieria burtoni, waliotambulishwa kisayansi mwaka 1859 kutokana na makombe aliyookota mpelelezi Mwingereza John Speke. Tope kutoka milima iliyokatwa miti huwafunika. Joto nalo limepunguza sakafu yenye oksijeni: utafiti wa 2016 ulikadiria upungufu wa asilimia 38 tangu miaka ya 1940.

"Lakini haya ni makombe matupu." Tunaisikia sana hoja hii kutoka kwa wanaozoa. Makombe matupu ya konokono Neothauma ndiyo nyumba za samaki wadogo wa Tanganyika, na humo ndimo hutaga mayai.

Kuhusu taratibu. Leseni ya uvuvi hutolewa kupitia Afisa Uvuvi wa halmashauri, nayo hairuhusu kuchimba mchanga, wanamojifukia kome. Mchanga ni madini ya ujenzi, uko chini ya Tume ya Madini. Leseni ya madini nayo haikuondolei kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya 2004, kinachozuia ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto shughuli za kudumu na zile zinazoweza kuathiri uhifadhi. Mita hizo ni za kutoka ukingo wa ziwa au mto, si kutoka ulipoishia uzio wako. Adhabu ya jumla katika sheria hiyo, kama ilivyotungwa, ni faini ya kuanzia Sh50,000 hadi Sh50 milioni, au kifungo cha miezi 3 hadi miaka 7, au vyote viwili. Kumbuka ni "au vyote viwili". Wapo wanaodhani wakilipa faini wamemaliza.

Mfugaji anayehitaji chokaa ya kuku amuulize Afisa Mifugo wa kata kuhusu chokaa ya mawe. Anayekusudia kukusanya makombe amuone kwanza Afisa Uvuvi, kabla ya kukodi gari.