Hamali aliye ndani ya seli ya kamba

Juzi mzee mmoja wa Ngomeni aliniletea kamba watatu ndani ya kopo la rangi. "Mwanangu, hebu mtazame huyu." Nikambandua gamba la kichwa, nikalipangusa, nikaliinua juani: vidoa vyeupe, kila kimoja kama punje ya chumvi. Wengi wakiona hivyo husema basi, ni ugonjwa wa madoa meupe. Mimi sikusema. Bakteria, na hata maji yenye chokaa nyingi, huacha alama kama hizo. Nilikata vijiguu vya kuogelea nikavitia kwenye spiriti, PCR, kipimo kinachosaka DNA ya kirusi, iseme yenyewe.

Alichotaka yeye ni dawa.

Kirusi kinacholeta madoa meupe kimevaa utando wa mafuta uliochomekwa protini. Maarufu kuliko zote ni VP28. Hiyo 28 ni uzito wake kwa kilodaltoni, kizio cha kupimia molekuli. Wengi huiita ufunguo, seli ikawa kufuli. Mfano huo siupendi. Seli haifunguliwi, inameza: utando wake hubonyea ndani, ukamfungia kirusi kwenye kifuko, kifuko kikasafirishwa. Njiani humo yumo Rab7, protini ya kamba mwenyewe, hamali anayepeleka vifuko kwenye lisosomu, jaa la seli ambako kila kitu humeng'enywa. VP28 hushikamana na Rab7. Kirusi hupanda mkokoteni wa taka, kisha hushuka kabla haujafika jaani, na DNA yake ikaishia kwenye kiini.

Watafiti wa Thailand waliinyamazisha jeni ya Rab7 kwa kuwadunga kamba RNA ya nyuzi mbili, na virusi vikapungua kweli. Ila nani atashika sindano bwawa zima? Na hamali huyo seli inamhitaji kila siku. Chanjo nayo ni taabu: kamba hana kingamwili kama zetu.

"Kwa hiyo hakuna?"

"Hakuna, mzee." Kikishaenea, bwawa huweza kuisha ndani ya siku 3 hadi 10. Msumbiji yaliwakuta 2011, Madagaska 2012.

Kipimo kilirudi safi. Nilipompigia simu alinyamaza kidogo, kisha: "Na kaa je?" Kumbe bwawani humo ametia kaa wa mikokoni, anawanenepesha. Kaa huweza kubeba kirusi hicho bila kuonyesha lolote. Jioni nilimkuta majini hadi magotini, upembo mkononi, akiwatoa mmoja mmoja.