Iten kwa timu ya chuo kutoka Tanga: matembezi yatangulie mazoezi

Kila likizo ndefu inapokaribia, walimu wa michezo wa vyuo vya hapa Tanga wanaopanga kuwapeleka wanariadha wao Iten, mji wa mwinuko nchini Kenya wanakofanyia mazoezi wakimbiaji wengi, huniuliza waanze na mazoezi gani siku ya kwanza. Huwajibu kwamba siku ya kwanza, ya pili na ya tatu vijana watembezwe. Karibu ratiba zote ninazoletewa huweka mbio kali mwanzoni, kwa hoja kwamba timu bado ina nguvu, kisha huacha siku mbili za mwisho za kutalii kama zawadi. Kazi yangu ni fiziolojia ya mazoezi, na ninaamini kwa dhati kwamba mpangilio huo unakwenda kinyume na namna mwili wa mtu aliyekulia pwani unavyoupokea mwinuko.

Sisi wa Tanga tunafanya mazoezi karibu sawa na bahari, iwe ni Raskazone, Mkwakwani au barabara ya kwenda Amboni. Iten iko mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, ukingoni mwa Bonde la Ufa. Hewa ya kule ina oksijeni kwa kiwango kilekile tunachokivuta hapa, yaani karibu asilimia 21, lakini kanieneo yake, yaani mgandamizo wa hewa, imeshuka hadi robo tatu hivi ya ile ya pwani, kwa hiyo kila pumzi huingiza mwilini oksijeni pungufu. Ukimvisha kijana kile kipimo cha kidoleni cha oksijeni ya damu akiwa Tanga kitaonyesha asilimia 97 au 98. Siku anayofika Iten, hata akiwa ameketi tu, mara nyingi kitaonyesha 92 au chini kidogo, na moyo utapiga kwa kasi kuliko alivyozoea. Kabla ya hapo basi linalotoka Nakuru kwenda Eldoret linakuwa limempitisha Timboroa, karibu mita 2,700, na wengine huanza kuumwa kichwa hapohapo.

Katika siku hizo za mwanzo mwili unashughulika na mambo mengi kwa pamoja. Pumzi huongezeka, usingizi huwa wa vipande vipande, na sehemu ya maji ya damu hupungua ili chembe nyekundu zilizopo zibanane zaidi. Figo nazo huona upungufu wa oksijeni na kumwaga homoni iitwayo erithropoietini, ambayo hupanda sana katika siku mbili tatu za kwanza na kuuamuru uboho utengeneze chembe nyekundu mpya. Amri hutoka mapema, lakini chembe zenyewe huchukua wiki kadhaa kuongezeka kwa kiasi cha maana. Mwalimu anayewakimbiza wanafunzi mizunguko ya mita 1,000 kwa kasi ya Mkwakwani siku ya pili hachumi chochote kutokana na mwinuko. Anawachosha watu ambao miili yao tayari iko kazini usiku na mchana. Dunia ililiona hili waziwazi kwenye Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, katika mita 2,240, pale Ron Clarke wa Australia, aliyekuwa anashikilia rekodi ya dunia ya mita 10,000, alipomaliza wa sita na kuanguka akihitaji kupewa oksijeni, huku Naftali Temu wa Kenya akichukua dhahabu.

Ndiyo maana siku tatu za kwanza ni za matembezi, na bahati nzuri Iten ina vya kutosha kuonwa kwa mwendo wa pole. Timu ipite chini ya lile tao la barabarani ambalo kila mgeni hupigia picha. Ifike Shule ya Sekondari ya St. Patrick's, ambako Brother Colm O'Connell, mmisionari kutoka Ireland, alifika mwaka 1976 kufundisha na kuanza kulea wakimbiaji. Mmoja wa aliowanoa ni David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012. Kijana wa mbio za kati akisimama pale akaona jinsi mahali penyewe palivyo pa kawaida, hujifunza jambo ambalo mimi siwezi kumfundisha kwa michoro ya mapafu.

Jambo moja ninalolikataza kabisa katika siku hizo ni kuteremka Bonde la Kerio kwa miguu. Ukisimama kwenye genge, bonde linaonekana lote, na vijana hutamani kushuka. Lakini ni mteremko wa zaidi ya mita 1,000. Kushuka kwenyewe ndiko kunakoumiza, kwa sababu misuli ya mbele ya paja hulazimika kuvuta huku ikirefuka, na maumivu yake hufika kileleni siku moja au mbili baadaye, wakati ambapo timu ndiyo kwanza inapaswa kuanza kukimbia. Watazame kutoka juu, wapige picha, warudi wakanywe chai ya maziwa.

Alhamisi iwakute barabarani, lakini kama watazamaji. Asubuhi hiyo makundi makubwa ya wakimbiaji hukusanyika kwenye njia za vumbi nje ya mji na kupokezana kasi na pole, mara nyingi dakika moja kwa dakika moja. Kinachowashangaza wanachuo wetu zaidi, hata hivyo, huwa ni mbio za alfajiri za siku nyingine: mabingwa wale wale huanza kwa mwendo wa kujiburuta, wakizungumza, kiasi kwamba mtu wa Tanga angeweza kuwapita. Huo ndio mwendo wa kuuiga kuanzia siku ya nne. Kipimo changu ni kwamba mkimbiaji aweze kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi. Akishindwa, apunguze, hata ikibidi kutembea. Mazoezi ya kasi yaingie baada ya wiki ya kwanza, kwa vipande vifupi na mapumziko marefu kuliko ya nyumbani.

Juu ya muda sitaki kumdanganya mtu. Faida ya damu inataka wiki tatu hadi nne, na vyuo vingi vina wiki mbili tu. Safari ya wiki mbili bado ina thamani kwa nidhamu na mwendo wanaojifunza vijana, ila mkuu wa chuo asiahidiwe chembe nyekundu. Wakimbiaji wa mita 100 na 200 wanaweza kubaki nyumbani bila kupoteza kitu.

Maandalizi ya hati ni mepesi: pasipoti au hati ya dharura, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Maandalizi ya damu ndiyo ninayoyasisitiza, na hapa siko tayari kulegeza. Mwili hauwezi kutengeneza chembe nyekundu bila madini ya chuma, na pwani yetu yenye malaria ina vijana wengi, hasa wasichana, wenye upungufu wa damu wasiojijua. Wapimwe wiki sita kabla, ili mwenye upungufu apate muda wa kutibiwa. Vilevile kila mmoja apimwe selimundu. Mgonjwa wa selimundu asipelekwe. Anayebeba kirithi kimoja tu, yaani aliyeirithi kwa mzazi mmoja, huwa mzima kabisa hapa Tanga, lakini mwinuko pamoja na mazoezi makali vinaweza kumletea madhara ya bandama, kwa hiyo asiende bila ushauri wa daktari, na akienda, maumivu yoyote ya ubavu wa kushoto yahesabiwe kuwa dharura.

Sehemu ya pili ya matembezi naiweka njiani wakati wa kurudi, Mombasa, kwa sababu ya joto. Mwili uliozoea joto la pwani hutoa jasho mapema na kwa wingi, na uzoefu huo huanza kupotea ndani ya wiki moja hivi mtu akiishi penye baridi kama Iten. Timu inayoshuka na kuingia moja kwa moja kwenye mashindano ya saa nane mchana hapa kwetu huzidiwa na jua la nyumbani kwao wenyewe. Wakiteremka kwa treni ya Nairobi hadi Mombasa, wapumzike siku nne au tano: waizunguke Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, wapite vichochoro vya Mji wa Kale mchana, na kila alasiri wakimbie taratibu kwa dakika 40 hadi 60, wakipima uzito kabla na baada ili kila mmoja ajue amepoteza maji kiasi gani. Uzoefu wa joto hurudi haraka kuliko ulivyojengwa mara ya kwanza, na timu ikishavuka kivuko cha Likoni kuelekea mpaka wa Lungalunga na Horohoro, mazoezi ya kasi ya mashindano yanaweza kuanza Tanga kesho yake.