Chatiboti ya kujiandikisha si lazima iwaache watu nje
Wengi wanaamini ukiweka chatiboti (programu ya kompyuta inayochati na mtu) ya kupokea wagonjwa wa afya ya akili basi walio pembeni ndio watakosa huduma. Uingereza imetokea kinyume, utafiti wa 2024 kwenye jarida la Nature Medicine uliangalia watu kama 129,400 kwenye huduma 28 za NHS (mfumo wa afya wa umma wa huko), palipowekwa chatiboti waliojiandikisha wakaongezeka 15%, kwingine 6% tu, na kwa jamii za wachache kama weusi na Waasia ilifika 29%, nadhani wengi wanaona aibu kumsimulia mtu wasiyemjua kwenye simu. Ila jamani msifunge laini ya simu! Asiye na smatifoni au Kiingereza kinampa shida bado anahitaji binadamu, na mtu akiandika anawaza kujiua lazima mtaalamu aone haraka.